Baba Haombi Tena

Jumamosi, jioni. Kibaha kuna manyunyu tangu asubuhi, na nguo nilizoanika jana jioni bado zina unyevu. Nimerudi kutoka Kisarawe muda si mrefu. Nimetulia kuliko nilivyotegemea, ndiyo maana naandika sasa, kabla utulivu wenyewe haujaniacha.

Naandika kuhusu baba.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, baba alikuwa mwinjilisti wa usharika wetu hapa Kibaha. Alihubiri chini ya turubai wakati hatuna hata ukuta mmoja. Wengi wanaokaa viti vya mbele leo, yeye ndiye aliyewafundisha kipaimara. Mama alipofariki, baba akahamia shambani Kisarawe. Mwaka jana alikuja mwenyewe kwa mchungaji, akamwambia hawezi kuendelea kuitwa mwinjilisti kwa sababu haamini tena. Hakugombana na mtu. Alishukuru, akarudisha kanzu yake ya ibada, akaenda zake.

Watu wakiniuliza, nimekuwa nikisema amechoka tu.

Alhamisi jumuiya ilikutana kwangu kupanga ibada ya kuweka wakfu kanisa jipya. Waanzilishi wataitwa mbele, wawekewe mikono na kuombewa. Mtu mmoja akataja jina la baba.

Aliyeanza kusema ni Mama Loi, kiongozi wa jumuiya yetu. Alisema aliyeonja neema kisha akaigeuzia mgongo amejitoa mwenyewe, na wokovu ameuacha. "Maandiko yasingetuonya tusianguke kama hakuna anayeweza kuanguka," alisema. "Tusimwite mbele kana kwamba hakuna kilichotokea." Sauti ilikuwa inamtetemeka.

Kaka Yona, aliyelelewa katika kanisa lingine kabla ya kuhamia kwetu, alimpinga kwa upole. Yeye anaamini aliyeokoka kweli hawezi kupotea, kwa kuwa anayemshika ni Mungu, na mkono wa Mungu haulegei. Nikaanza kupumua. Halafu akamalizia: "Kwa hiyo mtu akiacha moja kwa moja, ujue hakuwahi kuokoka."

Hilo ndilo lililoniuma.

Mama Loi angalau alimwachia baba miaka yake ya nyuma. Kaka Yona, bila nia mbaya, aliichukua yote. Nikamkumbuka baba alivyokuwa akipiga magoti kando ya kitanda cha mama hospitalini, akiomba mpaka wagonjwa wa jirani wanaitikia amina. Yule naye hakuwa mwamini? Kama yule hakuwa, basi mimi ni nani?

Wakakubaliana nikamsikilize mwenyewe, kisha kesho baada ya ibada niwape jibu. Ndiyo sababu ya safari ya leo. Nikaunga magari hadi Kisarawe, nikamkuta shambani anapalilia mihogo, gambuti zimejaa tope.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umelowa. Ingia ndani kwanza."

Akabandika mihogo, akanimiminia chai ya mchaichai. Nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza waliomletea shida zao, mikono juu ya magoti, hakatizi.

Nikamuuliza swali nililoliogopa tangu mwaka jana. "Baba, umemkasirikia Mungu kwa ajili ya mama?"

"Hapana," alisema. "Ningekuwa na ugomvi naye, ningekuwa bado naongea naye."

Akaniambia imani ilimtoka pole pole, hata hajui ilianza lini. Alikuwa akiomba, anasikia sauti yake mwenyewe tu. Akaendelea hivyo kwa muda mrefu akidhani itarudi. Akaendelea kuhubiri. Mwishowe akaona anawadanganya watu waliomwamini, na hilo hakuweza kulibeba.

"Kaka Yona anasema hukuwahi kuamini."

Akaweka kikombe chini. "Niliamini. Hilo usikubali waniondolee. Niliamini kwa moyo wangu wote."

"Basi Mama Loi yuko sahihi? Umepotea?"

Alitabasamu kidogo. "Hilo jibuni ninyi mnaoamini. Mimi nikilijibu nitakuwa nahubiri tena." Akaongeza, "Ila kwa jambo moja yuko sahihi. Nisiitwe mbele. Wataniwekea mikono, nami nitainamisha kichwa kama anayepokea. Sitaki kuwadanganya tena."

Machozi yalinitoka. Hakunibembeleza, alinisogezea chai tu.

Baadaye akauliza, "Mama Loi mwenyewe hajambo? Miguu bado inamsumbua?"

Nikamwambia inamsumbua wakati wa baridi.

"Nilidhani angekuja," alisema. "Si kunirudisha. Kunisalimia tu."

Mihogo ilipoiva akaniambia, "Omba wewe, mama. Mimi nitakaa." Niliomba kwa kigugumizi, sala ambayo yeye ndiye aliyenifundisha. Nilipofumbua macho nikamwona ameinamisha kichwa, kofia mkononi. Hakusema amina. Alisema, "Haya, kula, mihogo inapoa."

Njiani nilijaribu kupanga ninachoamini. Bado naamini mtu anaweza kuondoka. Maonyo hayakuandikwa kwa mzaha. Nimemwona aliyeondoka, na hakuwa mnafiki hata siku moja. Lakini siwezi kuamini kwamba baba alipoacha kumtafuta Mungu, Mungu naye aliacha kumtafuta baba. Haya mawili sijui yanakaaje pamoja. Labda mwalimu wa darasa la watu wazima kanisani, kama mimi, anatakiwa ajue. Mimi sijui.

Ninachojua ni kwamba tangu arudishe kanzu, tumemjadili mara nyingi kuliko tulivyomtembelea. Nami naingia humo.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Mama Loi. Nikamwambia baba hataki kuitwa mbele, na sababu zake. Nikamwambia anasema aliamini kweli. Nikamwambia ameulizia miguu yake, na kwamba alitegemea angekwenda kumsalimia.

Nikamsikia akivuta kiti, akakaa.

"Alinifundisha kusali wakati hata kusoma sijui," alisema. "Kama yeye ameweza kuacha, mwalimu, mimi nasimama juu ya nini?"

Kumbe kutetemeka kwa sauti yake Alhamisi hakukuwa hasira. Ilikuwa hofu, kama yangu.

"Sijui, mama," nilimjibu. Sikuongeza mstari wowote wa Maandiko, ingawa ulinijia mmoja.

Kisha akauliza, taratibu, "Jumamosi ijayo nikifuatana na wewe, atanipokea?"

"Atakupokea."

"Bado anapenda ndizi za nazi?"

Nikamwambia bado anazipenda, ila sasa hana wa kumpikia.