Wimbo wa Kuchimba Matuta

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Ndithini hatujambo. Mbuzi wa mamako amezaa mapacha. Unauliza kwa nini homa imeisha na bado umechoka, huna furaha, na kama utarudi kuwa yule wa zamani.

Nikiwa msichana, kabla maji ya bwawa hayajafunika shamba letu la Masinga, niliugua hivyo hivyo. Nilienda mwethya, kikundi chetu cha kuchimba matuta, jembe likanishinda, nikalia. Kiongozi wetu Syombua akacheka: "Kaa hapo utuimbie. Mdomo haujaugua!"

Niliimba nimekaa msimu mzima. Hakuna aliyeniuliza jembe langu liko wapi. Nguvu zilirudi polepole.

Nipigie simu Jumapili. Ukikosa maneno, nyamaza tu. Wimbo nitauanza mimi, utaitikia ukiweza.

Susu wako