Samaki 688

Jumatatu, 4 Machi

Mia sita themanini na wanane! Nimejumlisha kwenye boti, nikajumlisha tena ofisini kwa kikokotoo. 688. Novemba walikuwa 412. Miaka kumi na moja nazamia mwamba uleule, kamba ileile ya mita hamsini, penseli na kibao cha plastiki, na kila mwaka namba inashuka. Leo imepanda. Nilicheka ndani ya maji mpaka miwani ya kuzamia ikajaa.

Maji ni ya moto, lakini. Kipimajoto tulichokifunga kwenye nondo kinasoma nyuzi thelathini na mbili. Matumbawe yamepauka, meupe pee kama shuka za hospitali. Hiyo nimeiandika. Lakini samaki jamani! Wale wadogo wa kijani wanaoishi katikati ya matawi ya matumbawe wamejaa tele. Na Maharusi wangu wapo — vitatange wawili wa njano, wana mstari mweusi machoni, hawaachani hata dakika. Mwaka wa sita huu nawakuta pamoja palepale. Mmoja alikuwa anadonoa tumbawe, anaacha, anadonoa jingine, anaacha. Nikamwambia kimoyomoyo, chagua basi bwana, hapa si dukani.

Alhamisi, 7 Machi

Mkurugenzi amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Eti nimeitoa taasisi kimasomaso. Akataka ripoti ya ukurasa mmoja, leo leo. "Samaki wameongezeka kwa zaidi ya nusu licha ya joto." Nimetia sahihi nimesimama, hata kukaa sikukaa.

Wenzangu huniita Mama Hesabu kwa kejeli kidogo. Leo wameniita bila kejeli. Utamu wake!

Ijumaa, 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Fundi wa mitungi ndiye mwenzangu wa kuzamia. Anajaza hewa, anakuja nyuma yangu, anakunja kamba. Macho yake mabovu, na miwani yake ya kusomea huiacha kwenye boti. Leo tunaosha vifaa akaanza utani wake: kazi yangu imekuwa rahisi, ataniibia. Siku hizi hata yeye kipofu anawaona samaki wote. Zamani ilibidi nimwonyeshe kwa kidole.

Nikacheka. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni.

Hata yeye anawaona!

Tumbawe likiwa zima lina rangi ya kahawia. Samaki wa kijani ukimsogelea anajichomeka ndani ya matawi, humpati. Tumbawe likipauka anatoka nje, na kwenye weupe ule anaonekana kama nzi kwenye maziwa. Hawakuongezeka. Wameonekana tu. Novemba walikuwa humohumo, wamejificha.

Nilikimbilia ofisini na viatu vya maji. Nikafungua fomu ya tarehe nne. Kuna safu ya vitoto. Samaki wakiongezeka lazima vitoto viwepo. Nimejaza kwa mkono wangu mwenyewe: sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa mzima. Niliijaza, sikuisoma. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeiona! Mjinga mimi. Mjinga, mjinga. Nilikuwa na njaa ya habari njema.

Jumatatu, 18 Machi

Ripoti imeshaondoka. Imekwenda kwenye kamati ya kibali cha bandari. Watu wa bandari wanataka kuchimba njia ya meli kubwa, na mwamba wangu uko katikati ya njia. Ukurasa wangu ni kiambatisho. Hoja yao: samaki hawa wanaongezeka hata maji yakichemka, mtambo wa kuchimba utawafanya nini? Kikao tarehe 8 Aprili.

Nimemwambia Mkurugenzi tuiondoe. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema miaka yote ananiomba habari njema, nimemletea moja, sasa naidai irudi? Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo aliponimaliza. Nikisema kikaoni kwamba nilikosea kuhesabu, mwanasheria wao atauliza swali moja tu: na hiyo miaka kumi na moja mingine, ulihesabu vipi? Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuuhesabu mwamba ule. Kumbukumbu ni zangu tu. Zikitiliwa shaka, basi, ni kama haujawahi kuwa na samaki.

Nikinyamaza wanauchimba. Nikisema nateketeza ushahidi wangu mwenyewe. Wanasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Waongo.

Jumamosi, 23 Machi

Chakula hakipiti. Mama kanibana jikoni, anakata vitunguu, kauliza nani kafa. Nikamweleza yote, nikidhani ataniambia samaki ni samaki tu.

Akasema siku ile walipobomoa mtaa wetu kupanua barabara, mimi nikiwa mdogo, watu wote walikuwa nje. Vitanda nje, masufuria nje, wagonjwa nje. Mpita njia angesema, loo, mtaa huu una watu! Akaendelea kukata.

Machozi yakanitoka, nikasingizia vitunguu. Mama akasema vitunguu nakata mimi, wewe uko mlangoni.

Jumanne, 2 Aprili

97.

Hakuna cheupe tena. Matumbawe yamekufa, yameota ukungu wa mwani, kijivu na kijani, kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Matawi mengine yameshaanza kuvunjika. Samaki wadogo hawapo. Waliokuwa nje wameliwa, au wamekufa njaa, sijui, sikuwaona wakiondoka. Maji thelathini na mbili na nusu. Nilihisi kama naoga maji ya moto.

Fundi alinigusa bega, akaonyesha. Mmoja wa Maharusi. Mmoja peke yake! Kakonda mpaka mgongo umekuwa kama kisu. Hawa hula tumbawe hai tu, kingine hawakijui. Alidonoa ule ukungu, akatema. Akaenda mita mbili, akageuka, akarudi palepale, kama aliyesahau kitu. Nilikaa naye mpaka hewa ikaisha na Fundi akanivuta juu kwa mkanda.

Kwenye boti Fundi hakutania. Alifunga mitungi, akasema polepole kwamba maneno yake yale ya utani angejua angeyameza. Nikamwambia bila wewe nisingejua mpaka leo. Haikutusaidia, si yeye si mimi.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimepeleka barua na fomu zote mbili, 688 na 97, na ile safu ya sifuri nimeipigia mstari. Karani wa kamati kagonga meza kwa kidole: nyaraka zimefungwa tangu Jumatano. Mwenye la kusema aje kikaoni anyooshe mkono, Mwenyekiti akipenda atamwita. Akipenda!

Mkurugenzi hanisalimii. Ananipita kwenye korido kama kabati.

Jumatatu, 8 Aprili

Ukumbini. Naandika magotini, mstari wa nne, Fundi kushoto kwangu kavaa shati la kuazima. Feni moja, watu kama themanini.

Mkurugenzi yuko mbele. Ukutani wameweka picha yangu. Niliipiga mimi, tarehe nne Machi. Matumbawe meupe na samaki juu yake, wengi, kila mmoja anahesabika. Ukumbi mzima umesema aaah. Wanapiga makofi! Mungu wangu. Wote wale wamefukuzwa nyumbani, hawana pa kuingia, na watu wanapiga makofi.

Mwenyekiti ameniita kwa cheo changu, akauliza kama takwimu hizi ni zangu. Nikasimama. Nikasema ni zangu. Nikavuta pumzi niendelee, naye kashasema asante, keti. Mkurugenzi akatabasamu. Nikakaa. Miaka kumi na moja nimezoea kufanya kazi mahali ambapo mtu hasemi.

Fundi kaninong'oneza: simama, mama, simama.

Sasa ni maswali. Nimenyoosha mkono wa kulia, naandika kwa wa kushoto, ndiyo maana mwandiko huu. Amemwita wa mstari wa kwanza. Amemwita mwanasheria. Nimeshajua nitakavyosema. Nitasema nilikosea. Nitaanza na vitanda nje, masufuria nje.

Mwenyekiti kaniona. Macho yetu yamekutana, kisha kaangalia saa. Anauliza kama kuna swali la mwisho. Mkono bado uko juu, na Fundi naye kanyoosha wake, yeye ambaye hana cha kuuliza. Mwenyekiti anakusanya makaratasi. Nasimama bila kuit