Makofi Nyuma ya Jabali

Mpendwa kaka Ndahani,

Nakuandikia mimi mdogo wako, mtu ambaye treni ya watalii haithubutu kuondoka Dodoma bila ruhusa yake. Usicheke huko Mvumi tulikokuzika. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini sasa wazungu wananitafuta kwenye simu kabla hawajafika, na wanafunzi wa chuo kikuu pale Chimwaga, na Kiingereza chao cha darasani, wananiomba kazi.

Unakumbuka tulivyoanza? Treni ikisimama kutwa, kampuni inawapakia watu wake kwenye mabasi, sisi tunawachukua wale wabishi wanaotaka kutembea kivyao, tunawapeleka kwa bajaji hadi kwenye kilima kile cha mawe. Ulinikaririsha mambo mawili. Treni inawasubiri watu wa kampuni. Wetu wakichelewa, inawaacha. Na kule juu, ukitaka kuwakusanya wageni, piga makofi, usiite mtu jina. Nikakutania kwamba umeanza uganga. Ukanijibu taratibu, "Ukiita jina huku, dogo, hujui atakayeitika."

Makofi yako nayajua: mawili ya haraka, halafu moja limechelewa, kama mtu aliyesahau akakumbuka.

Juzi nilipeleka wazee wawili, mume na mke. Mzee akazunguka mawe kupiga picha, upepo ukainua vumbi jekundu, hatukumwona tena. Nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kimya. Hata mbuzi waliokuwa bondeni walinyamaza. Mama wa watu akaniambia dawa za moyo za mumewe zilibaki kwenye treni, na muda wa kuondoka ulikuwa umekaribia. Alipofungua mdomo amwite, nikamziba kwa mkono. Mteja, kaka, tena aliyeshalipa.

Ndipo makofi yakajibu nyuma ya jabali. Mawili ya haraka. Moja limechelewa.

Mzee akatokea upande huohuo, katulia, kajaa vumbi. Akasema alikuwa amepotea, akaongozwa na kijana mwenzangu, yule mwenye shati la bluu lenye kifungo kimoja cha njano. Kifungo kile nilikishona mimi, asubuhi tunakuvalisha kwa mara ya mwisho.

Treni tuliiwahi. Mama akanishika mkono dirishani, akaniambia nimfikishie mwenzangu shukrani. Nikamwambia zimefika. Tangu siku hiyo natamba stesheni nzima kwamba mgeni wangu hajawahi kuachwa na treni, na ni kweli.

Ila kuna jambo moja lililoniharibikia, na sijamwambia mtu. Tulipokuwa tunashuka, wote watatu tumekamilika, makofi yalirudi tena nyuma yetu, polepole. Hakuna mgeni aliyekuwa amebaki kule. Yalikuwa yananiita mimi. Nikajifanya nawahi treni, kaka, na sikugeuka.

Mdogo wako, anayeongea sana.