Sikuyahesabu Majani Kuwa Dawa

Mafinga

Mke wangu Mama Dafroza,

Pokea salamu za baridi kutoka huku kwenye mbao. Mimi natembea na kula, na natamani barua hii ikukute mzima pamoja na watoto, maharage nayo yawe yamepona mvua. Mama mpe shikamoo yangu. Mguu wake unaendeleaje?

Sasa nikujibu. Uliniuliza kwenye simu kama nimepata mwanamke mwingine, nikanyamaza. Sina. Tangu ukungu uanze nilikuwa naamka nimechoka, chakula hakina ladha, wenzangu wakicheka naona kelele tu. Nikaona aibu kukwambia kwamba mwanaume mzima ana huzuni isiyo na msiba.

Nikawa nachemsha yale majani ya mubirizi uliyokausha ukanifungia, uchungu wake unaujua. Halafu sokoni nikanunua vidonge vya majani kwa jamaa mmoja wa kipaza sauti, eti vinaondoa mawazo. Sisemi vilikuwa bure. Siku za kwanza nililala vizuri. Baadaye kikaja kizunguzungu, na presha ikapanda ingawa tembe zake sikuziacha.

Nikaenda hospitali. Daktari, dada mpole, akaniuliza, "Unatumia dawa nyingine?" Nikasema hapana, na sikuwa nadanganya. Kwetu Murusagamba nani anahesabu majani kuwa dawa, yawe ya kuchemsha au ya vidonge? Bahati nilisindikizwa na Deo, yule wa Biharamulo ninayefanya naye kazi kwenye msumeno. Akadakia, "Daktari, huyu kila asubuhi anakunywa majani machungu hayo, mimi hata kuyanusa siwezi! Na vidonge vya sokoni juu yake."

Daktari hakunicheka. Alisema majani nayo ni dawa, mengine hugombana na tembe za presha, na vile vidonge hata yeye hajui vina nini. Niache vyote kwanza. Huzuni hii, akasema, ni ugonjwa, bado mdogo, na una tiba: nirudi kuongea naye, jioni nitembee na Deo, nisijifungie chumbani. Nafanya hivyo. Presha imeshuka. Huzuni bado ipo, ila siku nyingine nasikia njaa.

Basi usinitumie mubirizi mwingine kwa sasa, wala usinune.

Nisalimie Dafroza na mdogo wake, shemeji yangu fundi baiskeli, na katekista aliyeniombea safari.

Siku ile nilinyamaza kwa sababu uliweka simu sauti kubwa, mama na watoto wote wanasikiliza. Jumapili nipigie ukiwa shambani peke yako. Nataka kulia kidogo, na nataka unisikie wewe.

Mumeo,
Baba Dafroza