Gari Langu Limelala kwa Mzee Rosaire

Kwako Yaya Amisi, kaka yangu mkubwa,

Natumaini karatasi hii itakukuta kwenye benchi la garaje yako, mikono imejaa oili, ukimgombeza mtu aliyechelewa kuleta pikipiki yake. Usiishike hivyo hivyo, nawa kwanza. Mama hajambo? Goti lake limepoa, au bado anaenda shamba akilikokota na kusema haliumi? Na ile barabara ya Kabambare, daraja la magogo wamelitengeneza, au watu bado wanabeba pikipiki begani? Mimi ni mzima. Nakula, nafanya kazi, nasali. Kinachonitesa ni baridi tu, na baridi yenyewe siwezi kukueleza kwenye simu maana ukianza kucheka husikii tena.

Nimeandika barua, nikampa mwenzetu anayekuja huko, kwa sababu jambo ni refu. Ni jambo la gari.

Unakumbuka nilikuambia nimenunua gari dogo, kuukuu. Si la starehe. Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi naenda kwa miguu, lakini mwezi wa nne wataanza kutuma watu vijijini kuwahudumia wazee nyumba kwa nyumba, na asiye na gari hapewi nafasi. Nafasi hiyo ndiyo yenye mkataba wa kudumu, na bila mkataba siwezi kumwita binti yangu Neema. Gari lisipowaka mwezi wa nne, Neema atakaa kwa Mama mwaka mwingine. Kwa hiyo nikisema gari, wewe elewa Neema.

Sasa, wakati wa baridi huku ugenini wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inakula chuma kuanzia chini. Tena mimi kuendesha juu ya barafu siwezi. Nilijaribu mara moja nikaishia kwenye ua wa watu. Wenye magari kama langu wanayalaza mpaka theluji iishe.

Mwenye nyumba ninayopanga anaitwa Mzee Rosaire. Yeye anakaa chini, mimi juu. Alifiwa na mkewe, anaishi peke yake, na nyuma ya nyumba ana hangari, banda la kuwekea magari. Mwezi wa kumi na moja akaniambia:

— Madame Feza, lete gari lako humu. Tutaliandaa pamoja, lilale mpaka mwezi wa nne.

Nikamuuliza anataka nini. Akasema hataki kitu. Hapo ndipo moyo uliponishtuka. Wewe ungemwekea mtu gari miezi mitano bila kutaka kitu?

Halafu sikiliza masharti yake. Kwanza nijaze tanki mafuta mpaka juu, eti tanki tupu linatoa jasho ndani, na maji yanaharibu esansi. Huko kwetu Kasongo nani anaacha gari kwa watu na tanki limejaa? Tunabakiza tone la kutufikisha pale wanapouza esansi kwenye chupa, basi. Pili, nisivute breki ya mkono, maana itashikana. Batri tuitoe, akae nayo yeye jikoni kwake. Na niwajulishe watu wa asiransi, wale wa bima, kwamba gari halitembei. Ufunguo mmoja ubaki kwake. Unaona mwenyewe. Kama mimi ningekuwa mwizi wa magari, ningepanga hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Nikamweleza Mwamini, dada mmoja wa Kabambare ninayefanya naye kazi. Badala ya kunituliza akanichochea.

— Dada, batri jikoni ni ya nini? Ataipika? Ule muzee iko na akili mingi. Mutu hawezi kukusaidia bure hivi. Angalia muzuri!

Nikakumbuka garaje yako. Wale wachimbaji wa Salamabila wanafika kwako na msumari, wanakwaruza majina yao kwenye kila kipande kabla ya kukuachia pikipiki, usije ukawabadilishia kizuri na kibovu. Wewe mwenyewe ulinifundisha: "Ukiacha piki kwa mekanisie, andika jina yako kwanza, hata kama ni kwangu." Basi Jumamosi asubuhi, Mzee akiwa dukani, nikatoka na msumari. Nikaandika FEZA kwenye batri. FEZA kwenye magurudumu manne na lile la akiba. FEZA kwenye kifuniko cha rejeta, kwenye jeki, mpaka kwenye spana. Vidole viliganda, lakini nilimaliza.

Mchana tukaanza kazi. Tulimwaga oili chafu tukatia mpya, tukajaza upepo kwenye magurudumu kupita kawaida, tukaziba bomba la moshi kwa matambara ili panya wasifanye makao. Mzee alifanya polepole, akinieleza kila kitu, na mimi nilikuwa naangalia mikono yake kuliko kusikiliza. Alipoinua batri akaigeuza kwenye mwanga. Akaangalia gurudumu. Akaenda kuangalia la pili.

— Hili ni jina lako?

— Ndiyo.

— Mbona jipya?

Aibu ilinipanda mpaka masikioni, Yaya. Nikatoa uongo wa kwanza ulionijia:

— Ni desturi ya kwetu. Gari likienda kulala siku nyingi, mwenyewe analiandika jina lake. Ni kama kulibariki.

Kisha akaenda mwisho wa hangari, akavuta turubai. Kulikuwa na gari jingine chini yake, la buluu, safi kabisa. Lilikuwa la marehemu mkewe, Lucette. Tangu alipofariki halijatembea barabarani, lakini kila mwaka Mzee analiwasha, analisafisha, kisha analilaza tena. Akachukua msumari mkononi mwangu, akaufuta kwa kitambaa, akanirudishia.

— Bariki na hili, akasema. Andika Lucette.

Nikapiga magoti kwenye saruji ile ya baridi, nikaandika jina la mama nisiyemjua, kwa uongo wangu mwenyewe, huku mume wake amevua kofia. Na hata hapo, sikufichi, nilikuwa najiuliza anatafuta nini.

Tangu siku hiyo nikawa nashuka kila Jumapili kukagua batri. Nilitafuta visingizio: leo naomba kitunguu, kesho nampelekea barua zake zilizoletwa juu kwa makosa. Batri ilikuwa kwenye ubao karibu na jiko, imeunganishwa na kichaji, na jina langu likionekana tangu mlangoni. Nikishaliona, roho inatulia. Yeye alidhani nakuja kumtembelea. Baada ya majuma machache akaanza kupika supu ya watu wawili, na mimi nikawa naila.

Majuma mawili yaliyopita alinikalisha kabla ya supu. Alikuwa ameingia chini ya gari langu, akaona chasi imeoza kwa chumvi ya miaka mingi, tangu kwa wenyewe walionitangulia. Akasema halitapita ukaguzi, na barabara za vijijini zitalivunja katikati. Yaya, niliwaka. Maneno hayo nayajua tangu nikiwa mdogo! Ndiyo unayowaambia watu ukitaka wakuachie pikipiki yao kwa bei ya chuma chakavu.

— Sasa nimekuelewa, nikamwambia. Tangu mwanzo ulikuwa unalitaka gari langu.

Nikammwagia yote. Nikamwambia majina yale si baraka hata kidogo, niliyaandika ili nimkamate siku atakapobadilisha kipande. Yeye hakupandisha sauti. Angenifokea ningepumua.

— Madame Feza, akasema, hakuna mtu anayebariki jeki. Nilijua siku ile ile.

— Basi kwa nini uliniomba niandike jina la mkeo?

— Miaka sita hakuna mtu aliyelitaja ndani ya hangari ile isipokuwa mimi. Nilitaka kuona mkono mwingine umeliandika.

Alinipa taa, tukaenda, nikalala mwenyewe chini ya gari langu. Nilibonyeza chasi kwa kidole, kidole kikaingia. Kidole, Yaya, si bisibisi. Nililia pale chini kwa ajili ya Neema, mpaka Mzee akainama kuniuliza kama nimeumia.

Juzi amenigongea mlango. Anasema mwezi wa nne nichukue gari la Lucette. Haniuzii. Karatasi tutaziandika kwa jina langu, maana macho yake hayamruhusu tena kuendesha na gari lisipotembea linakufa. Unajua nilimjibu nini? Hata asante sikusema. Nilimwambia nitafikiri. Kisha nikafunga mlango, nikaanza kutafuta mtego uko wapi. Labda lina kesi. Labda watoto wake watakuja kunishtaki. Mwamini naye ana orodha yake, kila siku anaongeza. Nimetafuta na sijauona, na kwa kuwa sijauona ndiyo nazidi kuogopa. Nimechoka kuwa hivi, nakuambia kweli. Mtu amenipa supu msimu mzima na mimi nilikuwa nahesabu herufi za jina langu.

Nisalimie Mama, mwambie asilime peke yake. Msalimie wifi yangu, mke wako mvumilivu anayefua hizo nguo zako za oili, na wale mapacha wake. Mjomba wetu katekista aniombee, na shangazi wa Nyangwe nimekumbuka samaki wake wa moshi mpaka mate yananitoka. Neema umkumbatie kwa nguvu, lakini habari ya gari usimwambie bado, asianze kuhesabu siku.

Na wewe, Yaya, usinijibu nijihadhari na hiki na kile. Hayo nayajua yote, wewe ndiye uliyenifundisha. Jumapili nitashuka kwa Mzee Rosaire na nitamwambia ndiyo, na hofu yangu nikiwa nayo. Nimekuandikia wewe ili awepo mtu mmoja anayejua nilichoahidi, nisije nikageuka nikiwa kwenye ngazi.

Mdogo wako,
Feza