Paka Mwenye Makengeza na Ndagala ya Shangazi

Kamenge, Jumapili asubuhi. Mvua nyepesi, mawingu mazito upande wa ziwa.

Mjukuu wangu Divine,

Huko Kigoma mmeamkaje? Sisi ni wazima, na kaka yako amefaulu mtihani. Unauliza kama mtoto wa paka wako mwenye makengeza anaona. Anaona. Mimi nilimpima mmoja.

Nikiwa msichana wa sekondari, nilianika samaki wadogo, ndagala, na shangazi yangu kule Ruziba. Paka wetu alizaa mtoto ambaye macho yote mawili yalielekea puani. Alipokua kidogo na kuanza kurukaruka, shangazi akataka kumtupa. "Panya zitatumaliza! Huyu anaona ndagala mbili, ataruka kwa ile haiko."

Nikamwomba siku tatu. Nilining'iniza kichwa cha samaki kwa uzi, kushoto, kulia, mbele, nikaandika kila mruko daftarini. Siku ya kwanza alikosa sana. Siku ya pili alianza kuyumbisha kichwa kwanza, kisha kuruka, na akapata.

Siku ya tatu shangazi aliinua ndagala moja, akacheka: "We kengeza, iko wapi?" Mara mkono ukabaki mtupu. "Eh! Amechukua ile ya kweli! Abaki!"

Nikaona kwamba tulikuwa tumeyatazama macho yake tu, bila kumpa kitu cha kutazama. Wako, kama alizaliwa hivyo, mwache acheze. Macho yakigeuka ghafla, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Daftari langu la siku ile linaishia hivi: "Paka anabaki. Nalala saa mbili na nusu usiku, nikicheka."

Bibi yako