Deki Bubu ya Shemeji

Tarehe 3 Machi

Kwa shemeji yangu, mbishi wa wabishi,

Salamu nyingi zikukute ukiwa bado unapumua. Kama hupumui, mpe jirani aisome barua hii, maana shida yangu ni deki yako ya video, si wewe. Huku hatujambo. Mimi nimebakiwa na meno manne na yote yanafanya kazi. Hofu yangu ni panya wa kwako, nasikia wanapenda nyaya.

Najua unajiuliza nimekukumbukaje baada ya miaka yote hii. Sikukukumbuka. Ni dada yako. Macho yake yanafunga, shemeji. Daktari anasema giza linaanzia pembeni, linakuja katikati kidogo kidogo kama pazia, na dawa inalichelewesha tu, hairudishi kilichokwenda. Ukisimama mbele yake anakuona. Ukisimama ubavuni, hupo. Juzi alikuwa jikoni ananisema kwa jirani, kumbe nimesimama pale pale. Nilisikiliza yote. Mengi yalikuwa kweli.

Sasa anataka jambo moja kabla pazia halijafunga: amwone mama yenu. Ile kaseti uliyomrekodi mama mkwe uani tunayo, dada yako ameifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Ndiyo picha pekee ya mama mkwe inayotembea. Lakini ni kaseti ndogo, ile yenu ya wenye maringo, na deki zangu mbili zilizobaki ni za kaseti kubwa. Niliitumbukiza, deki ikaitema.

Nimezunguka mji mzima nayo. Muuza dividii aliigeuza akaniuliza betri inawekwa wapi. Muuza simu alidhani ni sanduku la sabuni, akainusa.

Wewe unayo deki. Usiniambie umeiuza, wewe hata kiatu kilichotoboka huuzi. Niazime.

Wako,
Shemeji wa Kaseti Kubwa


Tarehe 29 Machi

Kwa shemeji,

Salamu zimefika. Mimi mzima, na panya wazima vilevile, wanakusalimu.

Habari ya dada nimeisoma nikakaa chini. Mpe pole yangu. Usiipunguze njiani.

Deki ninayo. Unakumbuka tulipofungua lile duka la kukodisha video, nilikwambia kaseti ndogo ina picha safi, unaona mpaka jasho la mwigizaji? Ukanijibu kwamba watu hawatoi pesa zao kutazama jasho, wanataka filamu iishe bila mtu kuinuka kubadilisha kaseti. Ukapigilia ubao katikati ya duka, kwako kubwa, kwangu ndogo. Wateja wote wakaingia upande wako. Na ulikuwa ukipiga mluzi makusudi nisikie. Nilisikia.

Leo hizo kubwa zako ziko wapi?

Deki haisafiri. Ikirushwarushwa kwenye basi itakufa. Anayesafiri ni dada. Mlete, na kaseti yake. Ila kabla ya hapo kuna tatizo: deki haizunguki. Mpira wake wa ndani umeyeyuka, umekuwa kama lami. Mafundi wa hapa nimewaonyesha wakacheka, wakaitana kuja kuiona.

Wako,
Shemeji wa Picha Safi


Tarehe 6 Aprili

Kwa shemeji mwenye kisasi kisichooza,

Hujambo? Mimi sijambo kutoka kiunoni kwenda juu. Kwa mguu nitakueleza.

Umeuliza kaseti kubwa ziko wapi. Swali zuri. Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, na mimi sikutia. Nilipokucheka wewe na upande wako wa ubao, nyuma yangu ilikuwa inakuja sidii, nyembamba kama kisosi. Watu wakanicheka mimi. Nikanunua sidii. Filamu moja sidii mbili, na ya pili ilikuwa haikosi kukwaruzika pale pale adui anapotaka kufa. Wateja wangu wengi wamezeeka bila kujua yule adui alikufa au la. Ikaja dividii, filamu ishirini kwenye kisosi kimoja, zote hazionekani vizuri. Nikanunua dividii. Zikaja flashi, nikawa nawajazia watu filamu kama najaza mafuta ya taa. Sasa wanazivuta hewani kwa simu, na mimi nauza vifuniko vya hizo simu zilizoniua. Shemeji, nimeshindwa na kitu cha mraba, nikashindwa na cha duara, na mwisho nikashindwa na kisichoonekana. Wewe ulishindwa mara moja tu. Acha kulia.

Turudi kwenye kazi. Mpira wa deki siutafuti dukani. Nilipanda stuli kuzishusha deki zangu kutoka juu ya kabati ili nizifungue nitoe mipira yake. Deki zilishuka salama. Mimi nilishuka vibaya. Mguu umevunjika, nimefungwa plasta mpaka pajani. Dada yako aliniuliza nimeanguka wapi, nikamwambia ubavuni mwako, huwezi kuona.

Basi nimelala kitandani, deki iko juu ya tumbo, bisibisi mkononi. Nimechinja zote mbili. Nakutumia mipira mitatu kwa mkono wa dereva wa basi. Mmoja utakaa. Usipokaa nitakata mpira wa baiskeli, na baiskeli ikikataa nitakata wa suruali yangu. Mama mkwe atatembea mwaka huu.

Wako aliyelala,
Shemeji


Tarehe 2 Mei

Kwa shemeji mwenye mguu mmoja,

Pole sana. Nilicheka kwanza, kisha nikasema pole.

Mpira wa kwanza ulikuwa legelege, wa pili ukakatika. Wa tatu umekaa. Deki inazunguka! Nimeweka kaseti yangu ya zamani, picha imekuja safi kama maji ya mtungi. Deki yako kubwa imeitolea ndogo yangu kiungo. Hilo nalo uliandike mahali.

Lakini kuna msiba mwingine. Deki ni bubu. Nimepandisha sauti mpaka mwisho, kimya. Nimeinamisha kichwa mpaka shavu likagusa kioo cha televisheni, kimya. Nimejaribu kila siku wiki nzima.

Tena majirani wamebadilika. Wanagonga ukuta, juzi mmoja amerusha gunzi juu ya bati. Nadhani ni husuda, wamejua nina deki.

Wako,
Shemeji


Tarehe 11 Mei

Kwa shemeji na majirani zake,

Hamjambo huko? Mimi naendelea kulala kama mfalme, na kujikuna ndani ya plasta kwa mwiko.

Kuhusu ububu, sikubali. Mama mkwe bila sauti si mama mkwe, yule alikuwa sauti kwanza, mwili ulifuata nyuma. Nimemwita fundi redio hapa kitandani. Nimekusanya nyaya, plagi, na spika mbili za kanisa zilizostaafu. Tumejaribu kila kitu, dawa ya mguu wangu ikaangukia kwenye spika, lakini zinalia.

Nilitaka nije nazo mwenyewe mguu ukipona. Lakini jana dada yako alinishika uso kwa mikono miwili akaniambia ananiona pua na mdomo, masikio hayaoni tena. Nikajua hatuna muda wa kungoja mfupa.

Basi yeye anakuja peke yake. Jirani yetu mshona nguo anasafiri njia hiyo, atamshusha kwenye barabara ya kwako. Amebeba kaseti kifuani na spika kwenye kikapu. Nimemwambia angoje kidogo, akanijibu, "Nimengoja wewe na ndugu yangu mmalize kununiana, mpaka macho yakachoka."

Na jambo moja, bila utani. Ana hofu humtaki. Amekupigia simu mara nyingi miaka hii, ukawa unasema nani, nani, halafu unakata. Alilia, akaacha. Ndiyo maana hata mimi naandika badala ya kupiga. Kama una neno naye, limeze. Anakuja hata kama hujalimeza.

Wako,
Shemeji


Tarehe 4 Juni

Shemeji,

Salamu. Mke wangu yuko wapi? Nimeazimisha, sikutoa. Mshona nguo amerudi peke yake, na ugali wake unanipa kwikwi.

Shemeji


Tarehe 20 Juni

Kwa shemeji yangu,

Hujambo wewe? Mguu je? Sisi hatujambo, sisi wawili. Nisamehe kwa kimya, ilinibidi kwanza hasira initoke.

Siku aliyofika nilikuwa naijaribu deki. Mshona nguo alimshusha barabarani akataka kumwonyesha nyumba. Dada akasema hakuna haja. Alifuata sauti. Alikuja na fimbo yake moja kwa moja, majirani wote wamesimama nje na vidole masikioni, akaingia, akapapasa mpaka akaipata rimoti, akapunguza. Mimi nilimwona yeye tu, na furaha ikanijaa. Akaniwekea mdomo kwenye sikio, huku kwenye sikio lenyewe, akasema, "Deki si bubu."

Nilimnunia mpaka jioni. Unajua mimi nilidhani watu wa siku hizi wanaongea chini kwa kukosa adabu. Kumbe. Na zile simu, shemeji, sikukata kwa kiburi. Nilikuwa nasikia upepo tu, nasema nani, upepo unaendelea, nakata. Nimemwambia hivyo. Amenipiga kofi la mgongo, kisha amenishika mkono hakuuachia mpaka chakula kikapoa.

Spika zako za kanisa ni nzuri. Tumezifanya viti.

Sasa sikia. Kaseti imekubali. Tulimweka dada mbali, mwisho wa chumba, ili mama atoshee katika kile kitundu alichobakiwa nacho. Alimwona. Uso mzima, shemeji, na lile kovu la kidevuni. Yaliyokuwa pembeni hakuyaona, nikawa namweleza mimi. Na yaliyosemwa sikuyasikia, akawa ananiambia sikioni yeye. Nilimweleza kwamba pembeni, nyuma ya mama, upo wewe, mwembamba, una nywele, unaigiza mwendo wake. Dada alicheka mpaka akakosa kusikia, ikabidi turudishe nyuma.

Kuna mahali mama anageuka kunitazama mimi niliyeshika kamera. Dada akaniambia maneno yake: "Mpiga picha, zima hicho kitu uje ule. Mkwe wangu hajagusa sahani, anasema hatakula mpaka uje."

Nilikuwa nimesahau. Nilimwomba ayarudie. Nikamwomba tena. Mara ya tatu akaniambia nilisikia tangu ya kwanza.

Amekataa kurudi kwa sasa. Tunamtazama mama kila asubuhi mwanga ukiwa mzuri, mpaka pazia lifunge au mpira ukatike. Muuza simu wa hapa ameihamishia kaseti kwenye simu ya dada. Dada anasema mle mama amekuwa kama sisimizi, lakini sauti ni ile ile. Basi, sauti abaki nayo yeye. Picha nitamtunzia mimi, nimhadithie.

Wako,
Shemeji


Tarehe 23 Juni

Kwa shemeji na mke wangu uliyemteka,

Salamu. Sina haja ya kuuliza afya, nimeona mko wazima kuliko mimi.

Plasta nimeikata leo asubuhi kwa vifaa vya kufungulia deki. Daktari alisema wiki mbili zaidi, lakini daktari hajui mimi na mashine. Mguu umetoka mwembamba na mweupe kama mgeni, ila unakanyaga.

Picha yako ilikuwa safi kuliko yangu. Nimesema mara moja, sirudii, na ukionyesha mtu barua hii nitakana mwandiko.

Napanda basi la Alhamisi. Nitafika jua likiwa juu. Majirani waambie wasiwe na hofu, deki haikuwa bubu, kiziwi ni wewe, na sasa rimoti anaishika mke wangu.

Andaeni chakula, mkifunike. Mtu yeyote asiguse sahani mpaka nifike.

Shemeji